Sikio la Mchungaji wa Ribe

Mwaka 1870 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilichapa katika jarida lake makala juu ya njia za misafara ya watu wa pwani yetu waliokuwa wakienda bara. Kichwa cha makala ni kirefu, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, na ndani yake limo jina la mtu aliyezitoa habari hizo: Sádi bin Ahédi, mwenyeji wa upande wa Gázi, katika Udigo, kaskazini kidogo ya Unguja. Macho yangu hayapiti hapo haraka. Yanakwama kwenye vijistari vitatu vilivyolala juu ya irabu: Sádi, Ahédi, Gázi. Sisi hatuandiki hivyo. Hatuna haja ya kuambiwa sauti ikanyage wapi, tumezaliwa nayo. Lakini huyu aliwaandikia watu ambao wangelitamka jina lile vyovyote, naye hakutaka litamkwe vyovyote. Akatia alama pale pale ambapo mtu wa Gazi mwenyewe hulikanyagia neno.

Mwandishi ni Thomas Wakefield, mchungaji wa Kimethodisti aliyekaa Ribe, nyuma ya Mombasa. Alizaliwa Derby, Uingereza, mwaka 1836, kwa hiyo makala ilipotoka alikuwa na miaka thelathini na minne hivi. Wanaomkumbuka humkumbuka kama mwanzilishi wa kanisa, na kweli Kanisa la Methodisti nchini Kenya huhesabu miaka yake tangu 1862, mwaka aliofika. Mimi ninamstahi kwa kazi nyingine, ambayo haikuwa na mimbari wala kengele. Alijua kumsikiliza msafiri mpaka njia ikatoka mdomoni mwa msafiri yule, ikalala juu ya karatasi, na mtu aliyeko mbali akaweza kuifuata kwa kidole.

Huo ni ufundi. Asiyeujaribu hudhani ni kuuliza tu na kuandika.

Nami niliujaribu, nisije nikamsifu mtu kwa jambo nisilolijua uzito wake. Mjomba wangu aliendesha lori la mizigo kati ya Mombasa na Malaba kwa muda mrefu wa maisha yake. Siku moja nilikaa naye barazani na daftari, nikamwomba anipe njia yote, kituo kwa kituo, nami nisitazame ramani yoyote. Akaanza vizuri: Mariakani, Samburu, Taru, Maungu, Voi. Nikamsimamisha. Kutoka Mariakani hadi Voi ni mwendo gani? Akanitazama kama niliyeuliza bei ya kitu bila kusema ni kitu gani. "Una mzigo au huna?" Nikasema nina mzigo. "Umepimwa mizani Mariakani au bado uko foleni? Usiku au mchana?" Kufika hapo nilikuwa nimeandika majina matano na sina hata umbali mmoja.

Tulipofika Salgaa ndipo nilipoelewa ukubwa wa kazi yenyewe. Mjomba alikaa sana kwenye Salgaa. Aliisimulia kwa sauti nyingine, polepole, kwa ajili ya ule mteremko na watu aliowaona wamekufa pale, na mimi kalamu yangu ikaandika kurasa mbili. Halafu Eldoret hadi Webuye akaipita kwa pumzi moja. Kwenye karatasi yangu Salgaa ikawa kubwa kama wilaya, na nchi nzima ya Uasin Gishu ikawa upana wa ukucha. Msimulizi hupima njia kwa yaliyompata. Asikilizaye lazima asikilize hofu na uchovu, kisha avitoe kwenye hesabu, lakini asivitupe, kwa kuwa hofu nayo ni habari ya njia.

Mjomba alikuwa na barabara ya lami. Watu wa misafara walikuwa na vijia, na mara nyingine hata vijia havikuwapo, ila mlima uliotazamwa toka asubuhi mpaka jioni. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, kichwani au begani. Msafara wa namna hiyo ukienda kilomita ishirini kwa siku umekwenda. Lakini siku si kipimo kimoja. Ipo siku ya kwenda toka alfajiri hadi jua la utosi, kisha mnatua kwa sababu maji yapo. Ipo siku ya kwenda mchana na usiku kwa sababu maji hayapo. Zote mbili msafiri ataziita siku. Anayeandika asipouliza swali la pili, ataziandika sawa, na hapo mlima utasogea mahali si pake.

Maji ndiyo ufunguo. Chukua njia ya kutoka Mombasa kwenda Taita. Ukishavuka nchi ya Waduruma unaingia nyika ya Taru, na pale Taru penyewe maji yalikuwa ya ngurunga, mashimo ya miamba yanayoshika mvua. Mvua ikikosa, ngurunga ni mawe tu. Mbele yake ni Maungu, na Maungu maji yako juu mlimani, si chini, kwa hiyo mtu aliyefika pale amekauka koo bado ana mlima wa kupanda. Kisha ndipo Ndara na vilima vya Wataita, na mbele zaidi Taveta, mto Lumi na migomba kivulini. Msafiri wa njia ile angeweza kusahau jina la kilima, asisahau hata siku moja mahali alipokunywa. Ndiyo maana orodha nzuri ya njia, ukiisoma vizuri, ni orodha ya maji. Hata majina ya Kimasai yaliyobaki kwenye ramani zetu ni ya maji: Ewaso Ng'iro ni mto wa maji yenye rangi ya udongo, Nairobi ni maji baridi, na Naivasha ni neno lao lililoharibika midomoni mwa wageni, lenye maana ya maji yanayokwenda na kurudi, yenye mawimbi.

Tukumbuke pia kwamba Sadi mwenyewe alikuwa fundi, na ufundi wake ulitangulia. Kiongozi wa msafara wa Umasaini hakuwa mtu wa kubeba bendera tu. Alihitaji kujua mahali pa kutua na mahali pa kupita kimya. Alijua ni ushanga wa rangi gani unaotakiwa mwaka huu na upi umepitwa, kwa maana ushanga usiotakiwa ni mzigo wa kokoto. Alijua masango ya waya yakatwe urefu gani, hongo itolewe kwa nani, na nani akipewa kwanza mwingine atakasirika. Sadi alikijua Kimasai. Mwaka 1871 ndiye aliyemwongoza Charles New, mwenzake Wakefield pale Ribe, hadi Uchagani kwa Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Mtu wa namna hii kichwa chake kilikuwa ghala. Swali ni nani angejua kulifungua ghala hilo bila kuvunja mlango.

Wazungu wengi waliopita pwani hawakuweza. Mgeni aliyefika na dira na saa yake, akakaa wiki mbili Mombasa akingoja wapagazi, humwuliza kiongozi maswali kwa haraka kupitia mkalimani, na kiongozi humjibu anavyotaka kujibiwa. Ziwa lipo? Lipo. Ni kubwa? Kubwa sana. Siku kumi? Naam, kumi. Sisi tunaijua adabu hiyo ya kutomvunja moyo mgeni. Si uongo, ila ukiichorea ramani utapotea. Wakefield alikuwa na kitu ambacho wapitaji hawakuwa nacho: alikaa. Alifika Januari 1862 pamoja na mmisionari mzee Ludwig Krapf, aliyemleta yeye na Mwingereza mwenzake James Woolner, na vijana wawili kutoka Uswisi. Woolner aliugua akarudi. Waswisi wakaondoka. Krapf naye, afya imemwisha, akarejea Ulaya mwaka huohuo. Wakefield akabaki na homa zake na lugha asiyoijua, mpaka New alipowasili mwaka 1863. Mtu aliyebaki hivyo hana budi kujifunza Kiswahili, maana hana mwingine wa kusema naye.

Kiswahili cha Ribe wakati ule hakikuwa cha kitabuni. Waribe ni Wamijikenda, wana lugha yao na Kaya yao msituni. Kaya Ribe leo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, pamoja na misitu mingine ya Kaya. Upande mmoja wako Warabai, ambao Krapf na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann walikaa kwao tangu 1846. Upande mwingine Wakambe, Wajibana, na nyuma yao Wagiriama. Mombasa ni safari ya siku moja. Mtu anayekaa mahali kama hapo husikia jina moja likitamkwa kwa midomo mitano, na kama ana sikio, hujifunza kuuliza: hilo ni jina la mlima, au la nchi, au la mzee aliyekuwa akikaa pale? Ninavitazama tena vile vijistari vitatu. Havikutoka chuoni. Vimetoka kwenye miaka ya kukosea na kusahihishwa na watu wa nyumbani.

Nadhani kanisa lake nalo lilimwandaa, na hili sioni likisemwa. Wamethodisti wake hawakuwa wale wa chama kikuu. Walikuwa tawi lililozaliwa kwa ugomvi juu ya nani ana haki ya kusema. Mwaka 1849 mkutano mkuu wa chama hicho uliwafukuza wachungaji watatu, na ugomvi uliofuata ukawatoa waumini kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1857 waliotoka wakaungana na wengine waliotoka kabla yao, wakaunda Makanisa Huru ya Kimethodisti. Huko mchungaji hakuwa bwana. Wahubiri wengi walikuwa fundi viatu, mchimba makaa, mfumaji. Kila juma watu walikutana katika vikundi vidogo, mmoja mmoja akasimulia juma lake limekwendaje rohoni, na kazi ya kiongozi ilikuwa kusikiliza kuliko kusema. Kijana aliyelelewa hivyo akimkuta Mdigo aliyekwenda Umasaini na kurudi, haoni ajabu kukaa kimya mbele yake. Tena mchungaji wa Kimethodisti alikuwa mtu wa mzunguko: kila robo mwaka hupangiwa vijiji vya kuhubiri, jina la mahali, tarehe, jina la mhubiri, yote kwenye karatasi moja yenye mistari. Orodha ya vituo aliijua kabla hajaiona Mombasa.

Sasa turudi kwenye kazi yenyewe, mahali inapokuwa ngumu zaidi. Vituo vikishaandikwa, umbali na upande vinatafutwa. Dira msafiri hana, lakini ana jua, na ana upepo. Watu wetu wa pwani hugawanya dunia kwa kusi na kaskazi, kwa matlai na maghribi. Ukimwuliza mtu wa safari, asubuhi ulipotoka kambini jua lilikupiga wapi, atajibu bila kufikiri: bega la kulia, au kisogoni. Mlima ule ulikuwa mkono gani, na jioni ulikuwa mkono gani? Hapo una mistari miwili inayokutana. Kisha unauliza njia ileile kwa kurudi nyuma, kutoka mwisho kuja mwanzo. Mjomba nilimfanyia hivyo kutoka Malaba, na vituo vitatu vikajitokeza ambavyo wakati wa kwenda hakuvitaja kabisa, kwa kuwa kwenda alivipita usiku na kurudi alivipita mchana. Hakuwa amesahau. Mimi ndiye niliyekuwa sijauliza.

Halafu kuna jaribu kubwa kupita yote, nalo ni la kujaza. Msimulizi anaruka, katikati kunabaki pengo, na kalamu inawasha kuliziba. Pale palipokosekana jina unaona kwa akili kwamba lazima pawe na mto. Fundi anayestahili kuitwa fundi huliacha pengo. Miaka michache kabla ya Wakefield, katika nyumba ya Rabai ile ile tuliyoitaja, jaribu hilo liliwashinda watu wema. Mmisionari Jakob Erhardt na Rebmann walikusanya habari za misafara kutoka bandari mbalimbali. Wa kaskazini walisema njia yao inaishia ziwani, wa kati wakasema ziwani, wa kusini wakasema ziwani. Wakayaunganisha maziwa yote yakawa maji mamoja, na ramani yao iliyofika London mwaka 1856 ikawa na ziwa la kutisha, limejikunja kama konokono asiye na nyumba, limekaa juu ya nusu ya Afrika Mashariki. Wasafiri hawakusema uongo hata mmoja. Maziwa yalikuwapo: leo tunayaita Victoria, Tanganyika na Nyasa. Kilichoongezwa ni maji yaliyomwagwa na wachoraji katikati.

Ramani hiyo ndiyo iliyowatoa wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke kuja kutazama kwa macho, na Speke mwaka 1858 akafika ukingo wa kusini wa Nyanza, yaani Victoria. Kwa hiyo Wakefield alipoanza kuandika njia za Sadi, swali lililokuwa likiwachoma watu wa London ni hilo: Nyanza ni ziwa moja au mengi? Na hapa ndipo ninapompenda zaidi. Aliandika njia. Kituo, halafu kituo, watu waliopo, hali ya nchi, mwendo. Kazi ya kuzipanga njia hizo juu ya ramani ikafanywa na kijana Mskoti, Keith Johnston, ambaye maelezo yake yamechapwa pamoja na makala. Kazi ya Johnston ni ufundi wa pili: anazo sehemu chache zenye uhakika, mwambao wa Mombasa na Tanga, Kilimanjaro iliyopimwa na Baron von der Decken, ukingo wa ziwa alioufikia Speke, na kati yake anavuta uzi wa vituo vya Sadi kama shanga, anavisogeza hapa na pale mpaka uzi ukae bila kukatika wala kulegea. Johnston hakuwa ameiona nchi hii. Alikuja kuiona mwaka 1879, akiongoza msafara wa Shirika lile lile, na ikamuua kwa ugonjwa wa kuhara damu huko Behobeho, kaskazini ya Rufiji, hata bara hajaifikia. Mara nyingine, nikiitazama ramani ya zamani yenye jina lake, huona kaburi lile kwanza.

Burton akazisoma njia za Wakefield akaona alichokitaka. Alikuwa amegombana na Speke, Speke alikuwa amekwisha kufa tangu 1864, na ugomvi haukuwa umezikwa naye. Mwaka 1872 Burton alizitumia habari za Ribe kujenga hoja kwamba Nyanza ya Speke si ziwa moja. Chanzo cha hoja kilikuwa majina. Wafanyabiashara wa njia ya Tabora waliyaita maji yale kwa jina la Ukerewe, na wa njia za Mombasa na Tanga waliyaita kwa jina la nchi waliyoifikia wao, upande mwingine kabisa. Majina mawili, basi maziwa mawili. Erhardt aligeuza matatu kuwa moja. Burton akataka kugeuza moja kuwa mengi. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka kwa mashua yake, Lady Alice, na ziwa likawa moja. Sadi hakuwa amekosea. Alisema alikofika na walivyopaita watu wa pale. Makosa yaliingia baadaye, kwenye meza ya mtu aliyekuwa na haraka ya kushinda.

Sitaki kumfanya Wakefield malaika. Alikuwa Mwingereza wa karne yake, aliamini dini za watu waliomzunguka ni giza, na kwa dini hizo sikio lake halikuwa jepesi kama lilivyokuwa kwa majina ya milima. Njia alizoandika zilitumiwa na wengine kwa mambo yao. Mwaka 1882 Shirika la Jiografia lilichapa njia nyingine za Umasaini zilizotokana na habari zake, na mchora ramani Ernst Ravenstein alikuwa kazini na ramani yake kubwa ya Afrika Mashariki, yenye karatasi ishirini na tano. Miaka michache baadaye, 1886, Waingereza na Wajerumani wakachora mstari kutoka mwambao kwenda Nyanza, ukapinda kwenye Kilimanjaro, nasi tukabaki upande huu na ule wa mstari. Nchi iliyokwisha kuchorwa ni rahisi kukatwa. Hilo ni la kweli, na linaniuma kulisema juu ya kazi ninayoipenda. Hata hivyo kisu hakikuwa mkononi mwake, na ninakataa kuipima subira ya mtu kwa pupa ya waliokuja nyuma.

Alilipa pia. Mkewe Rebecca, aliyefika Ribe wakati New alipokuwa akijiandaa kwenda Kilimanjaro, alifariki Julai 1873, akazikwa pale pale. New mwenyewe alifika Moshi na Sadi, akapanda mlima hadi kwenye theluji Agosti 1871, akiwa na kijana wake Tofiki, wapandaji wengine wakiwa wamekwisha kushindwa na baridi. Akateremka na maua ambayo wataalamu wa mimea walikuwa hawajayaona. Moja linaitwa Helichrysum newii hadi leo. Aliporudi tena kwa Mandara alinyang'anywa mali, akaondoka mgonjwa, akafa njiani Februari 1875 kabla hajafika nyumbani. Wakefield akaendelea. Alikwenda kwa Waoromo wa mto Tana, ambao enzi hizo waliitwa Wagalla, akaanzisha kituo Golbanti, na mwaka 1886 Wamasai wakawaua pale John na Annie Houghton waliokuwa wametumwa kukikalia. Mwaka uliofuata akarudi Uingereza moja kwa moja. Kanisa lake likampa urais wa mkutano mkuu mwaka 1888. Alikufa Southport mwaka 1901.

Ninachokishika mimi katika yote hayo ni lile jina kwenye kichwa cha makala. Wasafiri mashuhuri wa wakati ule walipokea njia kutoka kwa watu kama Sadi kila siku. Katika vitabu vyao watu hao huwa mkalimani, au kiongozi mmoja mzee, au Mwarabu fulani, au hawapo kabisa, na ziwa huwa limegunduliwa na mwenye kitabu. Wakefield angeweza kufanya hivyo hivyo, na hakuna mtu London ambaye angemuuliza. Badala yake, mahali pa juu kabisa, palipoandikwa kwa herufi kubwa, alimweka mtu wa Gazi, na mahali atokako, na namna ya kulitamka jina lake. Tena akasema wazi kwamba habari ni zake Sadi kwa sehemu kubwa, yaani si zote. Waliochangia wengine wapo. Hata neno dogo kama hilo, kwa sehemu kubwa, ni la fundi.

Nilimaliza ramani yangu ya njia ya Malaba baada ya vikao vinne. Nikaichora upya safi, nikaandika juu yake jina la mjomba na kijiji alikozaliwa, nikampelekea. Aliishika mbali na uso, kama washikavyo wazee, akafuata kwa kidole kutoka Mombasa. Pale Taru kidole kikasimama. Nikamweleza habari za ngurunga na maji ya juu ya Maungu, na juu ya Sadi aliyekuwa akipeleka misafara Umasaini miaka mia na hamsini iliyopita, na mchungaji aliyeyaandika maneno yake. Akasikiliza mpaka mwisho, kidole bado kiko Taru.

"Huyo Sadi," akaniuliza, "alikuwa na mzigo gani, mwanangu? Na ilikuwa kiangazi au mvua?"